Upepo wa Simu na Upepo wa Mungu

Siku yangu ya kwanza kazini Arua niligombezwa kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Msimamizi wa Mawasiliano, mtu mrefu mwenye soksi za kufika magotini, alinivalisha hedifoni, akanipa penseli na kuniambia niandike ninachosikia. Sauti kutoka Koboko ikaanza: "Gari ya posta iko..." Mimi nililijua gari lile na ubovu wake, nikaandika haraka: "imekufa njiani." Kumbe mwenzangu alikuwa anasema liko tayari kuondoka.

Msimamizi akasoma, akanitazama. "Wewe namaliza maneno ya mutu mbele yeye namaliza? Kazi ya kupiga ramli haiko hapa. Andika ile nasikia tu."

Nikacheka moyoni. Nilikuwa kijana wa Aroi niliyetoka shule juzi, najiona mjanja kuliko soksi zake. Laiti ningelishika neno lile siku ileile.

Ninyi mnaotembea na simu mfukoni, niwaeleze kwanza. Mtambo wetu uliitwa simu ya upepo, maana sauti ilipita hewani bila nyaya za barabarani. Ulihitaji mlingoti, waya wa antena uliotundikwa juu yake, na betri ya maji, ile nzito yenye tindikali inayotoboa suruali. Kila ujumbe uliandikwa katika daftari kwa mkono wa aliyeupokea. Jina refu lilituchosha, kwa hiyo ofisini tulisema "upepo" tu. Upepo wa Koboko, upepo wa Kuluba. Upepo ukiharibika, fundi anapelekwa na betri mpya, na uliharibika karibu kila mwezi.

Mwaka wa pili nilihamishiwa Koboko, chini ya Karani Mkuu, mtu mpole aliyefuta meza yake mara kumi kwa siku kwa kuchukia vumbi. Hapo nilijifunza kupanda mlingoti, na hapo nilimjua Mzee Ramadhani, mpokeaji wa kituo kidogo cha Kuluba. Alikuwa Mnubi, mtoto na mjukuu wa wanajeshi, na yeye mwenyewe alitoka jeshini na kile Kiswahili cha amri. Alileta betri yake kuchajiwa, ameifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira, anaisukuma mwenyewe njia yote asimwage maji yake. Hakuwahi kuniita kwa jina langu. Nilipokuwa Koboko aliniita Koboko. Niliporudishwa Arua akaniita Arua.

Mke wake, Mama Saida, alisuka mifuniko ya chakula ya rangi nyingi. Kila siku ya soko alitoka Kuluba kwa miguu, mzigo kichwani, mpaka Koboko, na kurudi kwa miguu. Mfuniko mmoja alinipa bure nilipohamishwa. "Funika chakula yako, mwanangu. Arua iko na nzi mingi," alisema. Nilimpenda mama yule kama mama yangu, sioni haya kusema.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Ilikuwa mwanzo wa mvua, asubuhi. Arua kwetu palikuwa na manyunyu tu. Nikiwa zamu, nikasikia Kuluba inaita, sauti mbali, inakwaruza na kukatika. Mzee Ramadhani alisema: "Arua, Arua. Upepo imeharibu... Kuluba... tuma haraka." Kisha kimya. Niliita mara nyingi, hapakuwa na jibu.

Nikaandika katika daftari: "Upepo imeharibika Kuluba. Tuma haraka."

Mwisho ule wa "ika" niliuweka mimi mahali pa "u", kwa sababu ndivyo nilivyozoea kusikia kila mwezi. Msimamizi akasoma, akaguna, akasema betri tena. Na kile kimya kilituthibitishia. Hakuna hata mmoja wetu, wasomi watupu, aliyejiuliza swali dogo: kama simu imekufa, mzee anatuambia kwa kitu gani?

Siku iliyofuata nikatumwa mimi, kwa kuwa fundi alikuwa mgonjwa. Nikapanda basi na betri mpya miguuni. Kukaribia Koboko nikaona mabati yamejikunja kando ya barabara na miti imelala. Ofisini kwa Karani Mkuu paa la veranda halikuwepo, naye alikuwa anafuta meza iliyolowa.

"Pole, Bwana," nikamwambia. "Kumbe mlipata upepo."

"Sisi tulipata mkia tu. Kichwa iko Kuluba. Watu wa hapa wamekwenda na chakula na panga, lakini miti imefunga njia. Iko lazima lori na misumeno. Tunangoja lori yenu."

"Lori gani?"

"Ile ya Arua. Mtambo yetu imelowa, imekufa, lakini watu wa Kuluba walisema Mzee Ramadhani alituma habari. Tulijua Arua iko na habari."

Nilitoa mfukoni karatasi ya ujumbe, nikaisoma tena, na safari hii nikaisoma kama alivyoisema mwenyewe. Upepo imeharibu Kuluba. Pwani wana neno kimbunga kwa upepo wa namna hiyo. Sisi wa huku hatukuwa nalo mdomoni. Upepo wa kukausha nguo ni upepo, upepo wa kung'oa nyumba ni upepo, na mtambo wa serikali nao ni upepo.

Karani Mkuu alinipa baiskeli, nikafunga betri nyuma yake. Sehemu kubwa ya njia niliibeba, sikuiendesha, nikipita juu ya magogo. Kuluba sikuitambua. Maghala ya nafaka yalikuwa yamepinduka, mihogo imelazwa upande mmoja, na dispensari ilikuwa kuta tupu. Wafanyabiashara Wakongo waliokuwa na vibanda sokoni walikuwa wametoa vitambaa vyao vyote vya kuuza, watu wanafungiwa vidonda navyo. Mlingoti wetu ulikuwa umevunjika katikati. Mzee Ramadhani alikuwa amekaa chini kando ya mtambo, chini ya mkeka uliofungwa kwenye vijiti, na Mama Saida amelala pembeni yake. Ukuta ulikuwa umemwangukia mguuni. Mguu ulikuwa umevimba na kubadilika rangi.

"Arua," mzee akasema, akisimama. "Lori iko wapi?"

"Mzee, nimeleta betri."

"Betri ya nini?"

Nikampa karatasi. Aliisoma polepole kwa kidole, neno kwa neno, kisha akairudisha.

"Mimi nasema imeharibu. Wewe naandika imeharibika." Hakupaza sauti. "Mimi natoa mama chini ya ukuta, nafunga waya juu ya mti, naita wewe. Halafu mti inaanguka juu ya betri. Kama simu iko kufa, Arua, mimi nasema na mdomo gani?"

Nililia mbele yake, mtu mzima na betri mkononi. Yeye hakunibembeleza wala hakunitukana. "Lete hiyo betri," alisema. "Sasa iko na kazi."

Tukaunganisha mlingoti kwa fito na kamba, nikapanda nikafunga waya. Nikaita, na Msimamizi mwenyewe ndiye aliyepokea.

"Arua, hapa Kuluba. Upepo wa mvua, siyo wa simu. Narudia, siyo wa simu. Nyumba ziko chini. Watu wameumia vibaya. Leta lori, dresa wa kufunga vidonda, misumeno, maturubai."

"Ile ujumbe ya kwanza, wewe naandika ile nasikia?"

Miaka ile mtu hakukiri kosa la serikali kirahisi. Wengine walichukuliwa kwa makosa madogo kuliko hilo, na familia zao zikabaki zikiuliza. Ningeweza kusingizia mikwaruzo. Nikamtazama Mama Saida, amenielekezea macho kana kwamba anasikiliza habari za mtu mwingine.

"Hapana, Bwana. Nilimaliza maneno yake."

Msimamizi akasema: "Lori natoka sasa. Baki hapo, saidia watu."

Lori lilifika jioni, watu wake wakikata miti njia nzima. Mama Saida alipelekwa hospitali Arua, na mguu ukakatwa chini ya goti. Daktari hakunificha: angefika siku moja mapema, huenda mguu ungepona. Siku hiyo moja ni yangu. Msimamizi hakunishitaki popote, ila hakuruhusu ukurasa ule uchanwe, na tangu hapo kila ujumbe katika wilaya ulirudiwa kwa aliyeutuma kabla ya kuandikwa.

Kuluba walijenga upya kwa nyasi na udongo. Likizo zangu mbili nilizimaliza huko nikikanyaga tope la kuta. Mzee Ramadhani akaanzisha desturi yake. Kila asubuhi, kabla ya ujumbe wowote, aliita: "Arua, upepo ya simu iko mzima. Upepo ya Mungu iko kimya." Nami nilimrudishia maneno yote, moja baada ya jingine. Lakini habari za mguu wa Mama Saida sikuwahi kuuliza, wala huko wala hewani. Niliona haya.

Mwaka 1979 vita vilipokaribia kwetu, Wanubi wenzake wengi, waliohesabiwa watu wa serikali iliyokuwa ikianguka, walianza kuvuka mpaka. Asubuhi moja aliita, mikwaruzo mingi. "Upepo ya simu iko mzima. Upepo ya Mungu iko kimya. Sisi nakwenda. Mama iko na..." Ikakatika. Nikaita, "Rudia, Kuluba. Rudia." Hakurudia.

Niliandika hadi nilipofikia, nikaacha nafasi tupu. Wenzangu walinishauri niandike "mgonjwa," au "huzuni," ukurasa usionekane mchafu. Nilikataa. Nafasi ile ilinikaa kifuani miaka yote ya kazi, hadi nilipostaafu na kurudi Aroi kulima mihogo.

Kisha mwaka mmoja nikaambiwa kuna mama Mnubi amerudi kutoka ng'ambo ya mpaka, mjane, anauza mifuniko sokoni Arua. Nilikwenda siku hiyohiyo. Alikuwa amekonda, gongo lake limeegemea ukuta.

"Arua," akaniita.

Nikamwomba msamaha niliopaswa kuuomba zamani. Kisha nikamuuliza mzee alisema nini asubuhi ile.

"Hakuna mtu naambia yeye kusema," alicheka. "Gari haikuweko, watu wote nakwenda kwa miguu. Yeye naona mimi natangulia na gongo, naita wewe kwanza. Anasema, Arua lazima najua." Kisha akanirudishia maneno ya mzee yote, moja baada ya jingine.

Daftari lile liliungua pamoja na ofisi. Kwa hiyo naujaza ujumbe hapa, kama ulivyotumwa, bila kuongeza herufi: Mama iko natembea.