Unga Alioushika Ismaily

Ismaily ni mtoto wa marehemu mdogo wangu Saada, na kwetu sisi Wamwera mtoto wa mdogo wako ni wako, hakuna cha kuulizana. Nimemlea hapa Chiola tangu ana miaka minne. Habari hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimaliza darasa la saba enzi ambazo mtu wa darasa la saba aliitwa kusomea kijiji kizima barua zao, na nimechoka kusikia jambo la mwanangu likisimuliwa kombo mnadani.

Alisoma chuo cha maendeleo ya jamii. Kisha akaajiriwa na shirika moja lililokuja kuchimba kisima kirefu na kutuletea maji ya bomba. Siku aliyopita na pikipiki ya kazi, kajivika kizibao cha kung'aa, nilisimama mlangoni mpaka vumbi likatulia. Jioni ile nilimwambia kila aliyekuja kuomba moto au chumvi: mwanangu sasa ni meneja wa mradi.

Naye alinisahihisha, lazima niseme. Alikuwa anakula, akaweka tonge chini.

"Mama, mimi si meneja. Ni mratibu msaidizi."

"Kwani wewe unataka nikatangaze udogo wako?"

Akacheka kidogo, akaendelea kula. Baada ya hapo kijiji kizima kikamwita Meneja, naye akawa anaitika. Ndiye pekee waliyemwona. Wakubwa wake hawakuwahi kuvuka mto wakati wa masika.

Sasa yakaja makaburi.

Kijiji hiki tunachokaa si chetu cha asili. Mwaka sabini na nne tulihamishwa kule juu tukaletwa barabarani, kila nyumba na mzigo wake. Kule kumebaki mahame, na katika mahame kuna wazee wetu. Hakuna jiwe wala saruji. Kuna vipande vya vyungu na miti ya minyaa iliyopandwa kichwani mwa kila mmoja. Mgeni akipita anaona pori. Mama yangu yupo pale. Mtoto wangu wa kwanza, aliyeishi siku kumi na moja, yupo pale pia. Wapimaji walipokuja na mashine zao waliona pori, wakachomeka vijiti vya utepe mwekundu katikati. Mtaro wa bomba ungepita hapo hapo.

Kaka yangu Harithi, ambaye ndiye mjomba mkubwa wa ukoo, akaita watu makaburini. Ismaily akaja na pikipiki yake. Tulisoma Fatiha, kisha Harithi akatoa sahani ya unga wa mtama. Huu ni utaratibu wetu wa tangu na tangu. Mwenye shughuli akitoa neno makaburini, anamwaga unga kwa mkono wake mwenyewe. Msaidizi hamwagi. Aliyetumwa hamwagi. Anamwaga yule ambaye neno ni lake na lawama ni yake.

"Meneja," Harithi akasema, "shika unga uwaambie bibi zako."

Ismaily akanitazama. Nayakumbuka macho yale. Alikuwa ananiomba niseme neno moja tu, na neno lenyewe nilikuwa nalijua. Lakini wanawake wote wa Chiola walikuwa wamesimama nyuma yangu. Nikatazama minyaa.

Akashika unga, akamwaga. Akasema, "Mtaro hautapita hapa." Alilisema taratibu, nikadhani ni heshima.

Watu walipotawanyika alinijia jikoni, akakaa kwenye kinu kilicholala.

"Mama, nimemwaga unga usio wangu. Mimi siwezi kuhamisha hata kijiti kimoja. Katapila linakuja baada ya siku nane."

"Nani anaweza?"

Ndipo aliponieleza, na mimi ndipo nilipouliza kwa mara ya kwanza. Akasema yeye, mratibu msaidizi, anaita mikutano, anaandika yaliyosemwa, anapeleka juu. Juu yake yupo mratibu. Juu ya huyo meneja mradi, ambaye mradi huu mmoja uko mkononi mwake. Juu tena meneja mwandamizi, anayeshika miradi ya wilaya mbili tatu. Halafu mkurugenzi, Dar es Salaam, ambaye hata sura yake hajaiona.

Nikamwambia hayo siyo mageni kwangu. Katika unyago yupo anayewaogesha wari, yupo somo, yupo kungwi, na yupo mkuu wa makungwi, anayekaa kimya siku nzima lakini mwari akipata madhara ni yeye anayeitwa na wazazi. Baba yangu alifanya kazi kwenye mashamba ya karanga ya Waingereza pale Nachingwea, kabla sijazaliwa. Alikuwa anasema pale vyeo vilikuwa vingi kuliko karanga, na wote waliojua udongo walikuwa hawana cheo.

"Basi mbona hukuwaambia mimi si meneja?" akaniuliza.

Nikainuka, nikaenda kuanua ufuta.

Kesho yake tulikwenda wote Nachingwea. Alinikataza, nikapanda. Mratibu wake alikuwa likizo, kwa hiyo tukaingia moja kwa moja kwa meneja mradi, Bonifasi, kijana mnene mwenye adabu, aliyeniamkia akanipa kiti. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akashika kichwa.

"Ismaily, mimi naweza kubadilisha siku. Naweza kubadilisha fundi, saruji, hata katapila. Njia ya bomba siwezi. Ilisainiwa juu yangu. Wewe nani alikwambia uwaambie kwamba wewe ni meneja?"

Ismaily akafungua mdomo, nikamtangulia.

"Mimi," nikasema. "Ni mimi niliyewaambia."

Bonifasi akanigeukia. "Bibi, umempa mzigo ambao hata mimi sijapewa."

Akatuandikia barua, tukapanda gari la Ruangwa siku ileile. Pale mjini, nyuma ya stendi, ndiko ilikokuwa ofisi ya meneja mwandamizi, mama mmoja mtu mzima aitwaye Miriam, miwani imening'inia kifuani. Nilitegemea mtu wa kufoka. Alisoma barua mara mbili, akauliza maswali ambayo hakuna aliyeyauliza.

"Makaburi ni mangapi?"

"Thelathini na nne," nikajibu. Nayajua yote kwa majina.

"Upande wa pili wa vijiti ni shamba la nani?"

"La Mabula," Ismaily akasema. "Mfugaji, Msukuma. Amehamia mwaka wa nne huu."

"Mmezungumza naye?"

Hatukuwa tumezungumza naye. Kusema kweli, Chiola nzima ilikuwa haijazungumza naye.

Mama Miriam akaweka barua chini. "Bonifasi anaulizwa kazi itaisha lini. Mimi naulizwa kwa nini ilipita huko ilikopita. Makaburi haya yangechimbwa, ningeitwa mimi, na hiyo ndiyo tofauti ya viti vyetu. Njia naweza kuibadilisha, kama mwenye shamba atakubali kwa maandishi na serikali ya kijiji ikathibitisha. Mna siku sita." Halafu akamgeukia mwanangu. "Uliyowafanyia wafu ni haki. Uliyowafanyia walio hai ni uongo. Utakwenda kuwaambia wewe ni nani. Mkataba wako unakwisha Juni, nami sitauhuisha."

Ismaily akasema, "Ndiyo, mama." Basi. Hakujitetea, wala hakunitaja. Nilitaka kusema nikashindwa, maana nilishakwisha kusema kwa Bonifasi na haikusaidia.

Mabula tulimkuta anatengeneza boma la ng'ombe kwa miiba. Hakuacha kazi.

"Miaka minne mnanisalimia kwa mbali kama mtu mwenye ukoma," akasema. "Leo wafu wenu ndio wamewakumbusha kwamba nipo?"

"Ndiyo," nikasema. Ningesema nini kingine.

Akacheka, ila si cheko la furaha. Akaweka mwiba chini. "Mama, baba yangu nimemwacha kule Geita, watu wengine wanalima juu yake. Pitisheni bomba lenu. Lakini ng'ombe wangu wanatembea nusu siku kufuata maji. Meneja, niahidi birika la kunyweshea."

Nilimwona Ismaily akivuta pumzi. Lilikuwa neno jepesi kulisema, na lingemaliza kila kitu palepale.

"Mimi si meneja, kaka. Ni mratibu msaidizi, na Juni naondoka. Siwezi kukuahidi birika. Ninaloweza ni kuliandika kama ulivyosema na kulipeleka Ruangwa leo."

Mabula akamtazama kutoka viatuni hadi usoni. "Tangu nihamie huku," akasema, "wewe ni wa kwanza kuniambia jambo usiloliweza. Lete karatasi."

Katapila lilipofika, vijiti vilikuwa vimehama. Birika pia lilikubaliwa, kwa sahihi ya Mama Miriam.

Ijumaa yake Ismaily alisimama makaburini mbele ya watu walewale akawaambia cheo chake, na kwamba siku ile hakuwa na haki ya kushika sahani. Wengine walinung'unika. Mmoja akasema, "Kumbe tulimwamkia karani." Harithi akainua mkono.

"Unga ukishamwagwa hauzoleki," akasema. "Neno limesimama. Lakini hutashika sahani yetu tena mpaka mimi nife."

Nikapita mbele. Nina miaka sabini na mbili, na sijawahi kukiri kosa mbele ya wanawake wa Chiola. Nikawaambia kwamba cheo kile nilimpa mimi, na kwamba aliponitazama ili nimwokoe nilitazama miti. Saada, mama yake, ndiye wa mwisho tuliyempeleka kule kwa wosia wake mwenyewe, na minyaa yake ndiyo michanga kuliko yote. Nilisimama karibu nayo mpaka watu wakaondoka.

Juni mkataba ulikwisha. Maji yalifunguliwa Agosti, wageni wakapangwa kwenye viti kwa ukubwa wao, mkurugenzi katikati. Ismaily hakuwa na kiti. Alikuwa kwa Mabula, wanazibua birika lililojaa majani.

Sasa yuko Marambo, kwenye mradi mwingine wa shirika jingine, ameanza upya chini kabisa. Amekuja mara mbili tangu mavuno ya korosho. Tunakula, tunaongea, lakini macho yale ya makaburini hatujawahi kuyazungumza.

Juzi mnadani mwanamke mmoja aliniuliza, "Bibi, yule mwanao meneja yuko wapi siku hizi?" Nikatua kapu langu chini.

"Yuko Marambo," nikasema. "Ni mratibu msaidizi wa mradi. Juu yake wapo wanne."