Kadi ya Harusi Kwenye Akaunti ya Mume Wangu

Kadi ya harusi ya mume wangu niliikuta ndani ya kompyuta yangu mwenyewe, saa nne asubuhi, nikitafuta lebo ya mteja.

Mimi na yeye hatukuwa tumeachana. Hata kugombana hatukuwa tumegombana.

Ngoja nianzie pale panapoeleweka.

Mimi ni msanifu. Kadi, mabango, lebo za chupa, hivyo ndivyo vinavyonilisha. Kazi naifanyia kwenye chumba cha mbele cha nyumba. Meza moja, printa moja, na kiti cha mteja kilichochanika upande.

Mume wangu ni mpima ardhi. Wiki tatu yuko porini na vyombo vyake, wiki moja yuko nyumbani. Mimi ndivyo nilivyojua.

Zamani nilikuwa na programu ya usanifu niliyoinunua mara moja tu, kwa pesa ya kazi yangu kubwa ya kwanza. Ilikuwa imepitwa na wakati, lakini yangu.

Yeye ndiye aliyenishawishi niiache.

"Mke wangu, watu wameshahama huko. Siku hizi programu inalipiwa kwa mwezi. Mimi nitakulipia, wewe fanya kazi tu."

Akafungua akaunti kwa jina lake, kadi yake ya benki, namba yake ya simu. Akaunti moja, kompyuta mbili, mafaili yanaonekana kote. Ya pili alisema ni ya ofisini kwao, wanachorea ramani.

Nikaona nimepata mume. Wenzangu mwisho wa mwezi wanahaha, mimi nakunywa chai.

Miaka saba ikaenda hivyo.

Sasa asubuhi hiyo, kwenye orodha ya mafaili, nikaona jipya. Limeandikwa "Siku Yetu". Nikadhani ni kazi ya mteja niliyemsahau. Nikalifungua.

Majina ya mume wangu, yote matatu. Jina la mwanamke nisiyemjua. Jumamosi, wiki mbili mbele.

Halafu herufi zikaanza kusogea zenyewe.

Nikatoa mkono kwenye kipanya. Zikaendelea. Jina la bibi harusi likakua kidogo, likapungua, likahamia katikati. Kuna mtu alikuwa anaifanyia kazi muda uleule, mahali pengine.

Sikulia. Niseme ukweli, kitu cha kwanza nilichowaza ni kwamba mistari imebanana.

Nikaandika pembeni, kwenye sehemu ya maoni: "Wewe ni nani?"

Herufi zikasimama. Jibu likaja.

"Mimi ndiye bibi harusi. Wewe ni yule dada wa ofisini kwake anayechora ramani?"

"Mimi ni mke wake."

Friji ya jikoni ikanguruma, ikanyamaza.

"Mke wake alifariki," akaandika. "Tangazo la msiba nimeliona kwa macho yangu."

"Liko wapi?"

"Humu humu. Kwenye folda ya ramani."

Folda hiyo sikuwahi kuigusa. Ramani na mimi wapi na wapi?

Nikaifungua, nikajikuta. Picha yangu nikiwa nacheka, ndani ya duara. Chini yake tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufa.

Nikaangalia faili lilitengenezwa lini. Siku hiyo naikumbuka. Alivuta kiti, akakaa karibu yangu, akaniomba nimfundishe kuweka picha kwenye duara. Alisema ni kwa ajili ya kitambulisho cha kazini. Niliushika mkono wake juu ya kipanya, nikamwelekeza polepole.

Nilikuwa nimemfundisha vizuri. Kingo zilikuwa safi.

Nikajipiga picha palepale mezani, tangazo likionekana nyuma yangu. Nikamwekea kwenye maoni, na namba yangu ya simu.

"Nisamehe, dada. Sikujua," akaandika. Halafu akatoka.

Mume wangu alirudi Ijumaa. Alivyofungua mlango nikajua ameshaambiwa.

"Nimekufa lini?" nikamuuliza.

Akaweka begi chini. Hakukana.

"Usiyakuze mambo," akasema.

"Naenda kwa ndugu zako. Nikitoka huko, mahakamani."

Akalichukua begi lake tena, akaondoka. Nikafunga mlango, nikaosha vyombo.

Asubuhi yake programu ikanigomea. Maandishi yalisema akaunti imefungwa na mwenye akaunti.

Kazi zangu za miaka saba zote zilikuwa humo. Wateja wanne walikuwa wanasubiri.

Nikampigia.

"Tulia," akasema. "Ndugu zangu waache nje ya hili, mimi naifungua hata leo."

"Ni kazi zangu hizo."

"Kazi zako, sawa. Akaunti je?"

Nikakata simu. Nikaenda kukaa kwenye kile kiti cha mteja, nikawa nakiangalia kiti changu cha kazi.

Jumanne mtu wa pikipiki akanipigia kuulizia nyumba, akaleta bahasha. Ndani flashi, namba ya simu, na karatasi: "Nilijua ataifunga. Kazi zako nilizishusha zote siku ileile."

Nikapiga. Sauti ya binti mdogo tu, anaongea taratibu.

"Asante, mdogo wangu. Umeniokoa."

"Usiseme hivyo, dada."

"Na wewe umejiokoa. Afadhali umemjua mapema."

"Dada, harusi ipo."

Nilidhani sijasikia.

"Kadi zimeshasambaa. Ukoo mzima unajua. Na mimi nina mimba ya miezi mitano."

"Unajua alichonifanyia."

"Najua. Ndiyo maana nikakutumia mafaili."

Jumamosi hiyo wakaoana.

Ndugu zake niliwaambia wote, mmoja mmoja. Kesi bado inaendelea.

Mafaili ya kwenye flashi yalifunguka kama picha tu. Naweza kuyatazama, kuyarekebisha siwezi. Nikanunua programu nyingine, ya kulipa mara moja, haina mbwembwe, risiti ina jina langu. Nachora upya, moja baada ya nyingine. Mpaka leo nimefika kazi za mwaka wa pili.

Wewe unayesoma, sikukatazi kulipia kwa mwezi. Wengi wanafanya hivyo na maisha yao yanaenda. Ila kabla hujauliza bei, uliza akaunti itakuwa na jina la nani.

Mimi sikuuliza. Nilifurahi kulipiwa.