Masahihisho ya Ukurasa wa Arobaini na Tatu

Katika kiwanda cha uchapaji walimwita Mama Koma. Jina hilo alipewa na mafundi wa mitambo kwa sababu mbili. Katika miaka ishirini na sita ya kusoma prufu, nakala za majaribio, hakuna koma iliyowahi kumponyoka. Na ukimkosea, alikutazama juu ya miwani mpaka ukakoma mwenyewe. Ofisi yake ilikuwa chumba cha nyuma, kati ya ghala la karatasi na choo. Hapo alivisoma vitabu vya shule herufi kwa herufi kabla havijachapwa, kisha akatia sahihi. Bila sahihi hiyo mtambo hauwashwi.

Siku moja aliletewa kitabu cha historia cha darasa la saba. Alisoma vizuri tu hadi ukurasa wa arobaini na tatu, kwenye sura ya safari za kwanza za kuizunguka dunia. Hapo mwandishi alieleza kwamba Nahodha Magellan aliondoka Hispania na merikebu tano, akaizunguka dunia yote, akarudi kwao, na mfalme akampokea kwa shangwe.

Mama Koma akaweka kalamu chini. Damu ilimpanda kichwani. Nahodha huyo hakurudi; aliuawa ufukweni, katika visiwa vya mashariki ya mbali, kwenye ugomvi aliojitia mwenyewe. Walitoka watu zaidi ya mia mbili. Baada ya karibu miaka mitatu ikarudi merikebu moja yenye watu kumi na wanane, ngozi na mifupa.

Kilichomchoma zaidi ni aliyeachwa kabisa. Nahodha alikuwa na mtumwa aliyempata Malaka, bandari ya Asia, miaka ya nyuma, akampeleka Ulaya, kisha akampakia katika safari hiyo awe mkalimani. Walipovifikia visiwa, mtumwa yule aliwasemesha wenyeji waliokuja kwa mashua kwa lugha yake, wakamwelewa. Alikuwa ameizunguka dunia karibu yote, na wapo wanaosema huenda ndiye wa kwanza kuimaliza. Nahodha aliacha wosia kwamba akifa, mtu huyo awe huru. Alipokufa, wakubwa waliobaki wakamwambia hana uhuru wowote, ashuke pwani akafanye kazi. Akawaponyoka, na habari zake zikaishia hapo.

Haya Mama Koma aliyapata kwa baba yake, mtia mafuta mashine katika meli za mizigo, aliyesoma vitabu kitandani mwake chini kabisa ya meli na kumsimulia bintiye kila akirudi likizo. Alifia chumba cha mashine, bomba lilipopasuka. Barua ya kampuni ilimsifu nahodha kwa kuifikisha meli salama, na jina la marehemu likakosewa herufi mbili. Binti alikuwa na miaka kumi na sita. Barua hiyo ndiyo prufu ya kwanza aliyoisahihisha.

Basi akaichukua karatasi ya ukurasa ule, akaenda nayo kwa meneja, kijana wa kutosha kuwa mwanawe. Meneja akamweleza kwa upole kwamba jalada limeshachapwa, na mwandishi ni mtu mzito, hasahihishwi na kila mtu.

"Halafu mama, mtihani ukiuliza nani wa kwanza, jibu ni Magellan. Ukibadilisha watoto watafeli."

"Kwa hiyo tuwadanganye ili wafaulu?"

"Nimekuomba sahihi, mama. Sikuomba somo."

Mama Koma akafunika kalamu yake, akatoka bila kuaga. Meneja akatia sahihi mwenyewe, na mtambo ukawashwa.

Hakulia, wala hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa fundi mkuu wa mitambo, waliyeanza naye kazi mwaka mmoja, akamwomba amchapie kikaratasi chenye mistari sita: nahodha alikufa njiani, waliorudi ni kumi na wanane, na mkalimani alinyimwa uhuru alioachiwa kwa wosia. Fundi akakisoma, akasonya, akachapa. Wanawake wa kitengo cha kujalidi wakavichomeka kimoja kimoja kwenye ukurasa wa arobaini na tatu. Vitabu elfu nne vilikuwa vimeshaondoka meneja alipokifungua kimoja.

Alimwita mbele ya wafanyakazi wote, akamwamuru avichomoe vikaratasi vilivyobaki kwa mkono wake.

"Onyesha palipo na uongo," Mama Koma akamjibu, "nami nitachomoa vyote, hata vile elfu nne nitavifuata huko viliko."

Jioni hiyo meneja akamwachisha kazi.

Nyumbani binti yake alimpokea kwa ukali. "Mama, kazi imekwenda kwa ajili ya mtu aliyekufa miaka mia tano iliyopita?"

"Hata angekufa jana, wangeandika hivyohivyo."

Walinuniana wiki nzima.

Walimu waliokutana na vikaratasi wakaanza kuandika barua za kuuliza, na baada ya miaka miwili likatoka toleo la pili. Binti alimletea mama yake nakala akiwa anatabasamu. Sasa iliandikwa kwamba nahodha aliuawa njiani, na safari ikakamilishwa na wengine. Basi. Mama Koma akasoma mara mbili, amesimama. Akalipigia mstari neno "wengine" kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika.

Kesho yake alikwenda shule iliyo jirani, akamwomba mwalimu mkuu kipindi kimoja. Akapewa cha Alhamisi, na mpaka leo anakwenda. Watoto huuliza yule mkalimani aliitwa nani. Huwaambia kwamba kwenye daftari la merikebu aliitwa Enrique, jina la kubandikwa na mabwana zake. La kwao je, wanauliza.

"Hakuna aliyejisumbua kuliandika," huwajibu, na sauti inamtetemeka kwa hasira, kila Alhamisi.