Robo Koki

Mume wa dada yangu ni fundi bomba, na mtaa mzima unamwita Profesa. Jina hilo ni la kejeli, ila yeye alilipokea kama tuzo. Hakuna asilolijua, kuanzia mvua hadi uzazi wa kina mama, na huku bomba la jikoni kwake lilikuwa likivuja tangu aoe.

Kifua kilipombana akipandisha tangi kwenye paa la mteja, hospitali walisema mishipa inayolisha moyo wake imeanza kuziba. Wakampa vidonge na kumwambia aache bangi. Dada alilia. Profesa akafungua simu, akamkuta bwana mmoja kwenye video akieleza kwamba mwili hujitengenezea vitu vinavyofanana na bangi, na kwamba vinahusika na mishipa ya moyo. Ni kweli, hata mimi nilimsikia. Profesa alisikiliza nusu, akazima, akawasha msokoto.

"Shemeji, mwili wenyewe unatengeneza. Mimi naongezea tu."

Tulimburuta kwa daktari, mama mtu mzima mwenye subira nisiyokuwa nayo. Akamweleza polepole kwamba vitu hivyo hugonga milango ya aina mbili. Mmoja ukifunguka ovyo, moyo hukimbia na kuta za mishipa huzidi kuvimba na kujaa mafuta. Wa pili hutuliza ule uvimbe. Mwili hutoa kidogo, pale panapohitajika. Bangi haichagui, na moshi wake peke yake ni balaa kwa mishipa.

"Fundi," akamuuliza, "bomba kuu likigawanyika mara mbili, na mbele hakuna koki, ukifungulia maji yanakwenda wapi?"

"Kote," akajibu Profesa, kifua mbele.

Nikajua leo kaelewa. Thubutu! Hatujafika hata getini, akatutangazia kwamba kosa la wenzake ni kufungulia mpaka mwisho. Yeye atavuta robo koki, kama anavyofanya presha ya maji ikiwa kubwa. Vidonge akavitupa kwenye mkoba wa spana, vikakaa humo. Sikio la kufa halisikii dawa, na la kwake lilikuwa limezibwa na ujuaji.

Alianguka kwa mteja baada ya robo koki yake ya asubuhi. Hakufa yeye, ilikufa sehemu ya moyo wake, nayo haifufuki. Siku hizi akitoka kitandani kwenda mlangoni, anapumzika njiani.

Mkoba wa spana sasa anaubeba dada. Kazi aliijua kwa kumshikia ngazi miaka yote. Jana nilimkuta chini ya sinki, analitengeneza lile bomba la jikoni, na Profesa yuko kitini anafundisha.

"Mke wangu, usikaze sana. Robo tu."

Dada alikaza mpaka maji yakakoma. Akafuta mikono, akamwekea vidonge kiganjani, akasimama pale pale hadi alipomeza cha mwisho. Profesa akanitazama nimtetee. Nilimwonea huruma, sikatai, lakini kidogo. Huruma nyingi niliimaliza kwa dada, aliyekuwa tayari ametupia ngazi begani na kutoka.