Shimo Ambalo Halikujua Mvua Imenyesha

Fizikia yangu iliishia kidato cha nne, na ilipoishia ndipo na mimi nilipoamua kukaa nyumbani Keza, wilayani Ngara, karibu na jiko. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyeendelea. Yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, anasoma fizikia hiyohiyo iliyonitoa jasho, na huko wanawafundisha kupima kitu kwa mikono, kisha kuandika programu ya kompyuta inayotabiri kitu hichohicho, halafu kulinganisha.

Likizo iliyopita alikuja na kazi ya namna hiyo. Wenzake walichagua vyuma na vioo. Yeye alichagua shimo la mama la kuivishia ndizi za pombe.

Alitumbukiza ncha ya kipimajoto chini ya majani ya migomba, waya ukatoka nje hadi kwenye kidude chenye namba. Kila nusu saa, alfajiri hadi jioni, namba inaandikwa daftarini. Alihitaji siku moja nzima isiyo na pengo, na Jumatatu anapanda basi. Bila siku hiyo, kazi haipokelewi.

Ijumaa akaitwa parokiani kwa mazoezi ya kwaya. "Kaka, nakuachia daftari. Utaweza?"

"Mimi? Nilifanya praktikali kabla hujajua kufunga viatu."

Nilisoma namba mara tatu, kwa uaminifu. Mara ya nne chai ilikuwa tayari. Sasa, sisi wa shule yangu tulikuwa na ufundi wetu: kupika data. Tulijua jibu kabla ya kufunga pendulamu, tukarudi nyuma kutafuta namba za kulifikia. Nikakaa kitini nikapika namba za siku nzima, namba zikipanda taratibu kama watoto wanaokwenda kukomunika. Nilijisifu hata kwa mwandiko.

Jioni akaingiza namba kwenye kompyuta. Mstari wa programu yake ulijipinda. Wangu ulinyooka kama umepigwa rula.

"Kaka, leo mvua imenyesha?"

"Kubwa! Saa nane. Imeingia mpaka jikoni."

"Sasa shimo halikujua?"

Nikasema majani ya mama hayapitishi maji. Mama, aliyekuwa anachambua maharage pembeni, akainua kichwa.

"Majani yapi? Mvua ilipokatika si nililifunua nione ndizi zimefikia wapi? Nikakuita uje unisaidie kufunika, ukajibu, 'Mama, niache, napima!'"

Mdogo wangu alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akachukua kalamu, na kalamu hiyo ndiyo iliyonimaliza. Alikata ukurasa wangu kwa mstari mmoja. Kurudia shimo lile haikuwezekana: kesho yake asubuhi ndizi zake zilipangwa kumenywa kwa pombe ya ubatizo wa jirani, na hakuna mtu Ngara anayeahirisha ubatizo kwa sababu ya kompyuta.

"Mikungu miwili imebaki," mama akasema bila kunitazama. "Mwenye kupima achimbe."

Nikachimba jioni ileile, mimi ambaye jembe na mimi tunasalimiana kwa mbali. Jumamosi alfajiri tukalifukiza kwa moshi wa kuivisha, tukafunika, nikakaa na mwavuli na daftari huku wenzangu wakimenya ndizi na kunirushia maneno.

"Shikamoo mwalimu wa shimo!"

"Marahaba. Msinipigie kelele, lina joto."

Saa saba namba ikashuka, bila sababu. Mkono uliniwasha kuirekebisha, maana ilikuwa mbaya kabisa, imekaa kama jino lililong'oka. Nikageuka nikaona mbuzi wa mama anatafuna majani ya juu ya shimo kwa utulivu. Nikaandika namba kama ilivyo. Pembeni nikaandika: mbuzi.

Jioni mstari wangu ulikuwa umepinda hivi na vile, lakini ulifuatana na wa programu kama ndugu, isipokuwa hapo saa saba. Mdogo wangu akaufuatisha kwa kidole. "Huu ndio," akasema.

Baada ya wiki chache alipiga simu. Kazi imepokelewa. Mhadhiri alisimamisha darasa zima kwenye ile namba ya saa saba, akawaambia hivi ndivyo kipimo cha kweli kinavyoonekana, kisha akamsifu mbuzi.

"Na msomaji wa namba je?" nikauliza.

"Huyo hakuulizwa, kaka. Nilishukuru Mungu."