Ngozi ya Ngamia Chini ya Karo la Bwana

Kosa ni langu. Shetani msimsingizie, siku ile alikuwa mapumzikoni, kazi yote niliifanya mwenyewe!

Mimi ni mpishi, mtu wa Mombasa. Miaka minne nilimpikia bwana mmoja wa serikali hapa Garissa, kwenye joto hili la kuivisha mkate bila jiko. Kisha bwana akapata uhamisho wa Mombasa! Akaniahidi tutakwenda sote, ila kwanza nimpikie vizuri mkubwa wake, atakayekuja kula mchana siku ya Ijumaa. Nikamwandikia mama yangu mzee: nakuja, nitandikie kitanda.

Jumatano bomba la chini ya karo la jikoni likapasuka. Maji ya vyombo, maganda, ukoko wa wali, vyote miguuni kwangu. Bwana akasema niite fundi.

Fundi alikuwa Msomali mpole, mtunza pampu ya boma. Akainama, akapapasa. "Walaal, ndugu yangu, hii bomba imekufa. Mimi naleta ingine kesho. Wewe usiguse."

Kesho! Mimi, mtoto wa mjini, niliyeona mabomba kabla sijaota meno, nifundishwe bomba na mtu aliyekulia nyuma ya ngamia? Nikamwambia asijisumbue, bwana amepata mtu mwingine. Bwana naye nikamwambia fundi amekwisha tengeneza. Uongo mara mbili, na udhu wa adhuhuri haujanikauka!

Sasa sikia ufundi wangu. Nilikuwa nimeona wafugaji wakifunga vyombo vyao vya maji kwa ukanda wa ngozi mbichi ya ngamia. Ukikauka, unabana kama chuma. Nikachukua ukanda kwa mchinjaji, nikauzungusha kwenye ufa, nikaupaka mafuta ya mkia wa kondoo maji yasipenye. Nikarudi nyuma kuitazama kazi. Mashallah! Nilikosa mpiga picha tu.

Ijumaa, mkubwa yuko mezani, nyama inasifiwa. Nikamwaga maji ya moto karoni. Ngozi ikalegea, harufu ikapanda. Mbwa wa bwana akaingia mbio, akaing'ata, akavuta, na bomba likaja lote! Akapita nalo chini ya meza ya mgeni, na maji ya vyombo yakamfuata nyuma. Mkubwa wa serikali akainua miguu juu. Lahaula!

Fundi akaitwa. Bwana akamfokea, akamwita mwizi wa mshahara. Na mimi? Nikatazama dari kana kwamba ndiyo inayovuja. Hapo ndipo ninapojichukia mpaka leo.

Fundi akaiokota ngozi. "Ngozi mbichi inashika ikikauka. Chini ya maji itakauka saa ngapi? Hata mtoto ya mtaa ya Galbet hapa anajua. Bwana, tafuta mtu mikono yake inanuka kondoo."

Bwana akaninusa! Mtu mzima mwenye ndevu, ninanuswa jikoni mwangu mwenyewe.

Jumatatu lori likaondoka kwenda Mombasa. Kwenye nafasi yangu pembeni mwa dereva alikaa mbwa.

Sasa nakaanga maandazi sokoni. Fundi nilimwomba radhi; akasema Mungu asamehe, kisha akalalamika sukari ni kidogo. Kila asubuhi ananunua mawili na kuniuliza, "Walaal, bomba hajambo?" Namjibu hajambo, nitafanyaje?

Nanyi mnaojua kila kitu, hongereni! Bomba likipasuka, mwiteni mwenye kazi yake, hata kama amekulia nyuma ya ngamia. Na mkishaharibu, semeni mapema, kabla hajatukanwa mwingine.

Juzi nimepata barua ya mama. Anasema amesikia bwana wangu amefika salama, na mbwa wake pia. Anauliza mimi nimekwama wapi, kitanda kimetandikwa tangu mwezi uliopita.