Niliandika Kwamba Alikufa Maji

Bwana Mhariri, nakuomba ufiche jina langu na la hospitali. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mitatu, Mbena wa hapa Njombe, nimelelewa kanisani. Ninafundishwa kupasua maiti za kesi za polisi ili kujua mtu amekufa kwa nini. Tulianza watatu. Mmoja alitapika siku ya kwanza akarudi kwao Ukinga. Wa pili alishindwa na kitabu, maana tunacho kimoja tu, cha Kiingereza, kimejaa majina ambayo hata mwalimu huyaruka. Glavu nazo ni jozi moja, na huvaa yeye. Harufu hainitoki mikononi hata nikisugua na majivu. Nyumbani mama amenitengea bakuli langu.

Hayo niliyavumilia. Mwezi uliopita lori la mbao lilileta maiti ya mwanamke kutoka Makambako. Mumewe, nyapara wa wapasua mbao, alisema ametumbukia mtoni. Mwalimu alisimama mlangoni, leso puani, nikapasua peke yangu. Mapafu hayakuwa na maji wala povu. Shingoni palikuwa na alama za vidole.

"Mwalimu, huyu hakuzama. Amekabwa."

"Wewe umeona shingo ngapi? Andika amekufa maji."

"Lakini kitabu kinasema..."

"Cheti chako atakitia sahihi nani, mimi au kitabu?"

Nikaandika, nikatia sahihi yangu. Nilipotoka niliwakuta nyuma ya jengo, yeye na yule mume, wanatafuna mguu wa mbuzi ambao mume huyo alikuja nao. Mafuta yanamchuruzika mwalimu kidevuni. "Njoo ule, kijana," akaniita, na yule mume akanisogezea mnofu kwa vidole vyake vilevile. Nilikimbilia chooni kutapika. Miezi saba ya maiti haikuwahi kunitapisha.

Langoni alinisubiri mama wa marehemu. "Mwanangu, wewe ndiye uliyemwona. Ni maji kweli?"

"Ndiyo, mama," nikamjibu. Tangu hapo najionea kinyaa mwenyewe kuliko ninavyomwonea mwalimu.

Sasa nasikia wazee wamekubali mdogo wake marehemu aolewe na mwanamume huyohuyo, mahindi yakishavunwa. Nikienda kushtaki kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, karatasi ina sahihi yangu, si ya mwalimu. Nitafungwa mimi, na cheti ndiyo basi. Nikinyamaza, naogopa siku moja nitamkuta binti huyo juu ya meza ile ile.

Wasomaji wenzangu, mngekuwa mimi mngefanyaje? Nijibuni upesi. Mahindi yameanza kukauka.